Kipakatalishi kikilala kisiamke, kosa huenda si la skrini

MWALIMU wa shule ya upili huko Likoni anamaliza kuingiza alama za mtihani saa sita za usiku. Anakifunika kipakatalishi chake bila kukizima, kama afanyavyo kila siku, na kwenda zake kulala. Asubuhi anakifunua mbele ya darasa, anaunganisha waya wa projekta, na skrini inabaki nyeusi ti.

Taa ndogo ya ubavuni inawaka. Feni inavuma. Projekta nayo inaandika kwamba haioni ishara yoyote.

Mwalimu huyu ni wa mfano tu, lakini masaibu yake wanayajua wengi katika upande wa bara wa Mombasa, kuanzia kwa mawakala wa forodha wa Changamwe hadi kwa wapigaji video za harusi wa Kisauni. Anachokifanya mtu katika dakika tano za kwanza ndicho huamua iwapo atapoteza kazi ya usiku kucha, na iwapo atalipia kifaa ambacho hakikuwa kimeharibika.

Kwani akikipeleka kwa fundi mwenye haraka, jawabu huwa limeshatayarishwa: "Mwalimu, mazabodi imekufa hii." Kubadilisha ubao huo mkuu huweza kugharimu karibu sawa na kununua kipakatalishi kingine cha mtumba. Ilhali mara nyingi kilichokwama ni programu tu, na kuikwamua hakuhitaji bisibisi.

Programu hiyo ndiyo mafundi huiita draiva, na wengine kiendeshi. Kazi yake ni kuwa mkalimani baina ya mfumo wa tarakilishi, uwe Windows au Linux, na chipu ya michoro, yaani kile kijisehemu kinachochora kila herufi na kila picha inayoonekana kwenye skrini. Windows haijui siri za chipu, na chipu haielewi lugha ya Windows. Mkalimani akikosea, pande zote mbili huwa nzima lakini hazisikilizani.

Kuna nyakati mbili ambapo mkalimani huyu hupewa kazi ngumu kuliko zote. Ya kwanza ni mashine inapolala na kuamka. Ya pili ni pale skrini nyingine inapounganishwa kwa waya. Ndiyo sababu kipakatalishi kinachofanya kazi vyema siku nzima huweza kugoma katika mambo hayo mawili pekee, na mwenyewe akabaki akishangaa.

Utaratibu wa usingizi wa tarakilishi si wa jana. Kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa mnamo Desemba 1996 kanuni zinazojulikana kama ACPI, zinazoeleza hatua mbalimbali za usingizi. Hatua iliyozoeleka zaidi kwa miaka mingi ni ile inayoitwa S3, ambapo umeme hukatwa karibu kila mahali isipokuwa kwenye kumbukumbu ya muda, ile RAM, ambamo kazi iliyofunguliwa huhifadhiwa.

Chipu ya michoro ni miongoni mwa vinavyokatiwa umeme, na kwa kukatiwa husahau kila kitu. Husahau upana wa skrini, mwendo wa kuionyesha upya picha, na hata namna ya kuiwasha taa iliyo nyuma ya kioo. Ikiwa ni chipu yenye kumbukumbu yake yenyewe, kama zilivyo nyingi za NVIDIA na AMD, husahau pia picha zote zilizokuwa humo.

Kabla ya kulala, draiva inapaswa kuyanakili hayo yote mahali salama. Mashine ikiamka, inapaswa kuyarejesha moja baada ya jingine kwa mpangilio ule ule. Hatua moja ikirukwa, mashine huamka ikiwa kipofu.

Kipofu, wala si maiti. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza ambayo mwalimu wetu anafaa kuitafuta kabla ya kubonyeza kitufe cha kuzima, kwa kuwa alama za wanafunzi ambazo hazikuhifadhiwa bado zimo katika kumbukumbu ya muda na zitapotea pindi tu umeme utakapokatika.

Njia rahisi ni kubonyeza kitufe cha Caps Lock. Ikiwa kibodi ina taa ya kitufe hicho na taa hiyo inawaka na kuzima kila kinapobonyezwa, mashine iko macho na inasikia. Vivyo hivyo sauti ya muziki au ya tahadhari ikisikika. Taa isipojibu kabisa, mfumo mzima umeganda.

Ikiwa iko macho na inatumia Windows 10 au 11, vitufe vinne hubonyezwa kwa pamoja: kile chenye nembo ya Windows, Ctrl, Shift na herufi B. Mlio mfupi husikika, skrini hupepesa, na draiva ya michoro huanzishwa upya bila ya programu yoyote kufungwa. Ni wachache wanaoijua njia hii, na inasikitisha, maana imeokoa kazi nyingi.

Isipofua dafu, bado kuna la kufanya gizani. Mtu hubonyeza Enter ili kuondoa pazia la kuingilia, akaandika neno lake la siri, akabonyeza Enter tena, akangoja kidogo, kisha akabonyeza Ctrl na S. Kama hati ilikuwa mbele na ilikwisha kupewa jina, itahifadhiwa ingawa haionekani. Baada ya hapo ndipo kitufe cha umeme kishikiliwe kwa sekunde kumi hivi hadi mashine izime.

Kuna jaribio jingine la kufanywa kabla ya kuzima, nalo linahitaji tochi ya simu. Imulike skrini kwa pembeni, karibu kabisa. Ikiwa picha inaonekana kwa mbali ndani ya weusi, basi chipu inachora kama kawaida na kinachokosekana ni mwanga wa nyuma. Hilo huweza kuwa kosa la draiva lililotokea wakati wa kuamka, lakini likibaki vile vile hata baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa, ni waya au taa ya kioo.

Mashine inapowashwa upya, jambo la kuangalia ni ile nembo ya mtengenezaji na ukurasa wa mipangilio ya BIOS. Kurasa hizo huonekana kabla draiva ya Windows haijaamshwa. Zikitokea safi, kisha giza likaingia Windows inapoanza, kidole cha lawama kielekezwe kwenye draiva. Zikitokea zikiwa na mistari, vidoto au rangi zisizoeleweka, draiva haihusiki hata kidogo na hakuna programu itakayoponya.

Mtihani wa kuaminika zaidi ni wa kutumia diski ya flashi iliyotiwa mfumo mwingine, mathalani Ubuntu, ambao huweza kuendeshwa bila ya kugusa chochote kilichomo ndani ya kipakatalishi. Mashine ikilala na kuamka vizuri katika mfumo huo, na projekta ikaonyesha picha, basi ubao mkuu, chipu, tundu na waya vyote ni vizima. Fundi yeyote anayedai vinginevyo baada ya hapo ana maswali ya kujibu. Jaribio likishindwa, hata hivyo, hilo peke yake si ushahidi wa ubovu, kwa kuwa Linux nayo ina matatizo yake ya draiva kama itakavyoelezwa.

Kuna usingizi wa aina nyingine ambao umezidisha mkanganyiko. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, na zaidi katika Windows 10 ya mwaka 2015, Microsoft ilileta mtindo ambapo mashine hailali fofofo bali husinzia kama simu. Skrini huzima, lakini ndani bado kuna yanayoendelea. Vipakatalishi vingi vya miaka ya karibuni vina mtindo huo pekee na havina S3 hata kidogo.

Karani anayefunika kipakatalishi cha namna hiyo nyumbani Likoni, akakitia mkobani na kupanda feri, huenda akakitoa upande wa kisiwani kikiwa moto kama pasi na betri imekauka. Wengi hudhani betri imechoka. Kilichotokea ni kwamba draiva moja, mara nyingi ya michoro au ya intaneti, ilikataa kutulia na ikaizuia mashine nzima kulala.

Kujua mashine ina usingizi wa aina gani ni kazi ya dakika moja. Katika dirisha la amri la Windows huandikwa powercfg /a, na jawabu huorodhesha hatua za usingizi zinazokubalika na zisizokubalika, pamoja na sababu. Kwa msafiri wa feri, suluhisho la haraka ni kubadili mpangilio wa kufunika kifuniko ili mashine iandike kila kitu kwenye diski na kuzima kabisa, hali ambayo katika menyu huitwa "Hibernate". Itachelewa kidogo kuamka, lakini haitachemka mkobani.

Orodha hiyo ya powercfg hufichua pia kosa moja ambalo hujitokeza sana kwa vipakatalishi vya mtumba vilivyotiwa Windows upya. Windows isipopata draiva halisi ya chipu, hutumia ile ya dharura iitwayo "Microsoft Basic Display Adapter". Draiva hiyo huchora picha, na mnunuzi akiona picha huridhika. Lakini haijui kulaza mashine, haijui kupunguza mwanga, wala haijui kuendesha skrini ya pili.

Dalili zake ni dhahiri kwa anayezijua. Neno la kulaza mashine hutoweka katika menyu ya kuzima, mwanga wa skrini haupungui wala hauzidi, na projekta ikiunganishwa ni kama haikuunganishwa. Mnunuzi hurudi dukani akilalamika kuhusu matatizo matatu, ilhali ni moja tu.

Jina la draiva inayotumika huonekana katika ukurasa wa "Device Manager", chini ya "Display adapters". Likiwa ni hilo la dharura, kinachotakiwa ni kuingia katika tovuti ya kampuni iliyotengeneza kipakatalishi chenyewe, kutafuta modeli yake kamili iliyoandikwa chini ya mashine, na kupakua draiva yake ya michoro. Wengi hukimbilia tovuti ya Intel au ya NVIDIA moja kwa moja. Si kosa, lakini kwa vipakatalishi vya zamani draiva iliyorekebishwa na mtengenezaji wa mashine ndiyo hupatana zaidi na usingizi wake.

Hali hugeuka pale tatizo linapozuka ghafla kwenye mashine iliyokuwa ikilala vyema jana. Hapo swali ni moja: nini kilibadilika? Mara nyingi jibu ni kwamba Windows ilijisasisha usiku na kuleta draiva mpya. Katika ukurasa ule ule wa "Device Manager" kuna kitufe cha "Roll Back Driver" kinachoirudisha ile ya awali. Kikiwa kimefifia na hakibonyezeki, hakuna ya awali iliyohifadhiwa, na itabidi draiva iondolewe na kuwekwa nyingine.

Anayeondoa draiva anafaa kuwa na ile mpya tayari kwenye diski ya flashi, na kukata intaneti kabla ya kuanza. Asipokata, Windows huenda ikairejesha ile ile mbovu kabla hajamaliza kunywa chai yake. Baada ya kuweka, achague kuwasha upya, asichague kuzima. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida si kuzima kikamilifu. Sehemu ya mfumo, pamoja na draiva, huhifadhiwa kwenye diski ili mashine iwake haraka kesho yake. Kuwasha upya ndiko hufuta yote na kuanza mwanzo, jambo ambalo limewapoteza hata mafundi wazoefu.

Lawama kwa draiva za michoro hazikuanzia Kisauni. Windows Vista ilipoanza kuuzwa kwa umma mwaka 2007, malalamiko ya mashine kuganda yalikuwa mengi duniani kote. Nyaraka za Microsoft zilizofichuliwa mahakamani Marekani mwaka uliofuata zilionyesha kuwa draiva za NVIDIA zilihusishwa na karibu asilimia 29 ya visa vya kuganda vilivyonakiliwa katika kipindi kilichochunguzwa mwaka 2007.

Mnamo Juni 2012, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliulizwa kuhusu jambo hilo katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland. Aliitaja NVIDIA kuwa mojawapo ya kampuni ngumu zaidi kushirikiana nazo, kisha akaelekeza kwenye kamera ishara ya kidole ambayo gazeti la heshima haliwezi kuieleza. Ilichukua miaka kumi, hadi Mei 2022, kwa kampuni hiyo kuanza kutoa hadharani msimbo wa sehemu ya draiva yake inayoingia katika kiini cha Linux.

Sasa turudi kwenye projekta. Hapa ndipo matatizo ya waya na ya draiva huvaana hadi yakawa hayatambulikani.

Skrini yoyote ya kisasa inapounganishwa hujitambulisha kwanza. Hutuma kadi ndogo ya taarifa, kwa kawaida kuanzia baiti 128, inayosema ni ya kampuni gani na inakubali picha za ukubwa gani. Utaratibu huo, uitwao EDID, ulianza kutumika katikati ya miaka ya tisini. Draiva huisoma kadi hiyo na kuamua itume picha ya namna gani. Ikikosa kuisoma, hubahatisha, au hukaa kimya.

Projekta nyingi za shuleni bado zina tundu la VGA, teknolojia iliyoletwa na IBM mwaka 1987. Kebo za VGA za bei nafuu wakati mwingine hukosa nyaya za kupitishia kadi hiyo ya utambulisho. Picha huonekana, lakini ikiwa pana kupita kiasi, imekatwa pembeni au ina herufi nene zisizosomeka. Mwalimu hulaumu draiva na kuibadilisha mara tatu, kumbe kebo iliyotundikwa darini ndiyo yenye ila.

Vipakatalishi vipya havina VGA, na hapo huingia kile kiunganishi kidogo cha kugeuza HDMI kuwa VGA kinachouzwa kila pembe ya mji. Kiunganishi hicho si waya mtupu. Ndani yake mna chipu inayohitaji umeme, na umeme huo huutoa katika tundu la HDMI. Kanuni za HDMI humtaka mtengenezaji atoe angalau miliampea 55 kwa volti 5, kiasi ambacho hakitoshi kwa viunganishi vingi.

Matokeo ni kiunganishi kinachofanya kazi kwenye mashine moja na kugoma kwenye nyingine, au kinachofanya kazi hadi kipakatalishi kilale. Kikiamka, kiunganishi kimepoteza fahamu na hakijitambulishi tena. Dawa ni kukichomoa, kusubiri kidogo na kukichomeka upya. Vilivyo na waya wa ziada wa kuchomeka kwenye USB huepuka balaa hilo.

Mpangilio wa kuwasha nao una umuhimu. Projekta iwashwe kwanza, ingojewe hadi itoe mwanga, ndipo kebo ichomekwe na kipakatalishi kiamshwe. Umeme ukikatika katikati ya somo, jambo ambalo halihitaji maelezo kwa mkazi wa Pwani, projekta huzima ilhali kipakatalishi kinaendelea kwa betri. Ukirudi, mazungumzo baina ya vifaa hivyo huwa yamekatika. Kuchomoa na kuchomeka kebo huyaanzisha tena.

Kisha kuna vitufe vya Windows na P, vinavyoamua picha iende wapi. Mtu aliyechagua jana picha ionekane kwenye projekta peke yake huweza kufunua kipakatalishi chake nyumbani na kukuta giza, kwa kuwa mashine ingali inaamini kuwa projekta ipo. Kubonyeza vitufe hivyo, kisha mshale na Enter, huirudisha picha. Si ugonjwa hata kidogo, na kuna waliolipa fundi kwa ajili yake.

Kuhusu tundu la USB-C, lile bapa ambalo mtu huchomeka bila kujali upande, umbo lake huhadaa. Baadhi hupitisha picha na baadhi hupitisha data na umeme pekee. Hakuna draiva itakayolifanya tundu la aina ya pili litoe picha. Kuna pia viunganishi vya USB vyenye chipu ya DisplayLink, na hivyo huhitaji draiva yake maalumu mbali na ile ya michoro.

Kisa cha wahariri wa video za harusi ni cha pekee. Wao hupenda vipakatalishi vyenye chipu mbili: ya Intel iliyo ndani ya kichakataji kwa kazi nyepesi, na ya NVIDIA kwa kazi nzito. Mtindo huo ulitangazwa na NVIDIA mwaka 2010 kwa jina la Optimus, kwa nia ya kuokoa betri. Skrini ya kipakatalishi huendeshwa na Intel, lakini katika modeli nyingi tundu la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na chipu ya NVIDIA.

Mashine inapoganda baada ya kulala, mtu hushauriwa aizime chipu ya NVIDIA katika "Device Manager". Anaizima, na kweli kuganda kunakoma. Wiki mbili baadaye anaunganisha skrini kubwa ili amwonyeshe bibi harusi video yake, na hakuna kinachotokea. Ameshasahau alichokizima, na fundi anayefuata hana habari. Tundu zima huchomolewa na kubadilishwa bure.

Kwa wanaotumia Linux, ambao ni pamoja na shule na vituo vya intaneti vinavyokwepa gharama za leseni, mtego mkubwa una jina moja: nomodeset. Ni neno ambalo mafundi huliandika wakati wa kuweka mfumo ili mashine yenye NVIDIA isigande mwanzoni. Husaidia siku hiyo. Lakini maana yake ni kuizuia draiva kuuendesha mpangilio wa skrini, na likiachwa humo daima, kulala hakutafaulu na skrini ya nje haitaonekana. Kuandika cat /proc/cmdline kutaonyesha kama limesahauliwa humo.

Likiisha kuondolewa, huwekwa draiva ya NVIDIA kutoka hazina ya mfumo wenyewe. Mashine ikiwashwa upya huweza kutokea ukurasa wa buluu unaouliza neno la siri lililochaguliwa wakati wa kuweka draiva. Wengi huupuuza. Ukipuuzwa, ulinzi wa Secure Boot huikataa draiva hiyo na mtumiaji hudhani haikuwekwa ipasavyo.

Na ikiwa draiva ipo lakini picha huharibika baada ya usingizi, NVIDIA ina mpangilio uitwao NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations, ambao ukiwekwa 1 huiamuru draiva ihifadhi kumbukumbu yote ya chipu kabla ya kulala. Kumbukumbu za mfumo za mara iliyopita, zinazosomwa kwa amri journalctl -b -1, huonyesha mstari wa mwisho ulioandikwa kabla ya giza.

Lakini ni kweli pia kwamba kuna mashine zilizokufa. Mnamo Julai 2008, NVIDIA ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 za Marekani kwa ajili ya chipu za vipakatalishi zilizokuwa zikiharibika kutokana na udhaifu wa malighafi na joto. Vipakatalishi vya Dell, HP na Apple vilikuwa miongoni mwa vilivyoathirika, na kesi ya wateja ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2010.

Ni katika miaka hiyo ambapo mbinu ya kuipasha chipu joto kwa mashine ya hewa moto ilienea karakanani. Picha hurudi, mteja hulipa kwa furaha, na baada ya wiki au miezi giza hurejea. Anayependekeza tiba hiyo anafaa kusema wazi kuwa ni ya muda.

Chumvi ya baharini nayo haibagui. Matundu ya HDMI katika nyumba za karibu na ufuo hushika kutu mapema, na kebo huhitaji kusukumwa au kupindwa ndipo ikamate. Waya wa skrini unaopitia kwenye bawaba hukatika taratibu. Picha hutoweka kifuniko kikifika pembe fulani na kurudi kikisogezwa. Draiva haijui pembe za kifuniko.

Hata sumaku huhusika. Kipakatalishi hutambua kuwa kimefunikwa kwa kihisi cha sumaku kilicho karibu na kibodi. Kikiwekwa juu ya kipakatalishi kingine, au kifuko cha simu chenye sumaku kikiachwa juu yake, hulala chenyewe katikati ya kazi, na kila kikiamshwa hulala tena.

Kwa anayenunua mashine ya mtumba sasa, hasa baada ya Microsoft kusitisha huduma za kawaida za Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, swali la draiva limekuwa zito zaidi. Mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, na wauzaji wengine huitia kwa nguvu. Watengenezaji wa chipu nao huacha kutoa draiva kwa vizazi vilivyopitwa. NVIDIA, kwa mfano, iliondoa kizazi chake cha Fermi katika draiva zake mpya mwaka 2018.

Kabla ya pesa kutolewa, mnunuzi ana haki ya kukifunika kipakatalishi pale pale dukani kwa dakika tano, akakifunua, na kurudia mara tatu. Kisha aombe skrini ya duka na kebo, aunganishe mashine ikiwa macho, ailaze kebo ikiwa ingali imechomekwa, na kuiamsha tena. Muuzaji akisema hana kebo, duka la jirani huwa nayo.